Mjomba, kwani uliruhusiwa?

Umeme ulikuwa umekatika, na simu ya mpwa wangu ilikuwa imebakiwa na chaji asilimia 9.

Tulikuwa sebuleni kwa dada, Iringa. Mimi kwenye kochi, kijana chini kwenye mkeka, ukurasa wa Selform, ule mfumo wa kuchagua masomo ya kidato cha tano, umefunguka mkononi mwake. Matokeo ya kidato cha nne yametoka, kafaulu vizuri, na dirisha la kubadilisha tahasusi lilikuwa halijafungwa. Dada aliniita kwa kazi moja tu: nimweke kijana sawa, achague PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, mambo yaishe.

"Mjomba, nikitaka baiolojia na historia?"

Nikacheka.

"Uje uwe daktari wa machifu waliokufa?" nikamwambia. Dada naye akacheka, nikamsikia kutoka jikoni. Kijana hakucheka. Akaminya alichominya, simu ikazima, tukala.

Wiki mbili baadaye akanitumia ujumbe wa sauti. "Mjomba shikamoo. Mama anasema ulipokuwa Uskoti ulikuwa unasomea ng'ombe, halafu jioni unaenda kusikiliza falsafa na historia huko. Kwani uliruhusiwa?"

Sekunde 14. Nimeusikiliza hadi nimeukariri, na kila nikitaka kujibu nafuta.

Kupe

Mnaonisoma siku nyingi mnajua nilikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 2017 kwa shahada ya uzamili, mambo ya afya ya mifugo. Sirudii hadithi za baridi.

Masomo yangu yalikuwa Easter Bush, kusini mwa mji, mahali ambapo basi linakuacha kati ya maabara za vioo na mashamba ya kondoo, vilima vya Pentland vikiwa nyuma yake. Shule ya tiba ya mifugo ya pale ilianzishwa mwaka 1823 na William Dick, mtoto wa fundi wa kwato za farasi. Taasisi ya Roslin, wale waliomzalisha Dolly, yule kondoo wa kunakiliwa, mwaka 1996, nao wako hapo hapo. Waliingia rasmi ndani ya chuo mwaka 2008. Dolly mwenyewe alikaushwa, ngozi ikajazwa, akawekwa kwenye kioo katika makumbusho ya mjini. Nilikwenda kumtazama. Ni kondoo.

Nilichofuata mimi ni ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Nimeijua tangu nikiwa mdogo, kabla ya kujua jina lake. Kwa babu, ndama alikuwa anaanza kwa kuvimba tezi chini ya sikio, uvimbe unaoweza kuushika kama yai. Kesho yake hanyonyi. Baada ya siku chache anapumua kwa kelele, povu jeupe linamtoka puani, na babu anaagiza kisu kinolewe mapema ili nyama isiharibike. Edinburgh wakaniwekea slaidi chini ya hadubini, nikaviona vijidudu vyenyewe ndani ya chembe nyekundu za damu, vidogo, vimejikunja kama koma. Theileria parva. Nilikaa pale muda mrefu kuliko wenzangu. Kumbe ndicho hiki kilichomaliza ndama wa babu.

Chuo kile kinaifanyia kazi ndigana hadi leo, pamoja na watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo iliyoko Nairobi. Mwaka 2022 walichapisha kwamba baadhi ya ng'ombe aina ya Boran kule Kenya, wa ukoo wa dume mmoja, walikuwa wanapona ugonjwa unaoua wenzao, na siri yao ikafuatiliwa hadi kwenye jeni moja. Kwa mtu wa mifugo hiyo ni habari ya kusimamisha gari pembeni uisome.

Lakini kilichobadilisha kazi yangu sikukipata Easter Bush.

Swali la mtu mwingine

Chumba cha jirani alikuwa anakaa Mghana, mwanafunzi wa historia, mtu wa maneno mengi na mchele mwingi. Jioni moja akanivuta kwenda George Square, chuoni upande wa mjini, kwenye semina ya masomo ya Afrika. Chuo kina kituo cha masomo hayo tangu mwaka 1962. Nikamwambia mimi si wa huko, sijaandikishwa. Akaniangalia kama nimemwambia sijaandikishwa kuvuta hewa.

Mtoa mada alikuwa anazungumzia wafugaji wa nchi nyingine kabisa. Nusu yake sikuielewa, maana watu wa anthropolojia wana lugha yao. Kisha msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akauliza swali la kawaida kabisa: katika kaya hizo, nani anamgusa ng'ombe kila siku?

Jamani, nilihisi uso unawaka.

Kwa miaka minne kabla ya hapo nilikuwa afisa mifugo. Nimezunguka vijiji na pikipiki nikihimiza josho na chanjo, na kila kijiji nimekaa kwenye benchi na baba mwenye mji. Yeye ndiye anasaini, yeye ndiye anakubali au kukataa. Lakini anayemkamua ng'ombe alfajiri, mkono wake uko pale pale karibu na shingo ya ndama, anayeona uvimbe siku ya kwanza, ni mama. Nilikuwa nampita anafagia uwanja, namsalimia "shikamoo mama", naenda kukaa kwenye benchi. Ndama walikuwa wanaletwa kwangu siku ya tano, ya sita, na mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba wafugaji wana uelewa mdogo.

Uelewa mdogo ulikuwa wangu.

Baiolojia ya ndigana nilikuwa nayo kichwani tangu kidato cha sita. Swali la nani anamgusa ng'ombe halikuwemo kwenye PCB, wala halikuwemo kwenye shahada yangu ya kwanza. Au tuseme lilikuwemo katika jengo jingine, na mimi nilifundishwa kwamba majengo mengine ni ya watu wengine.

Alianza na kemia

Baada ya semina ile nikawa mtoro wa mpangilio. Mchana kupe, jioni George Square. Na ni hapo nilipoanza kumsoma Mwalimu upya, maana kwetu Edinburgh ni jina linalopita kwenye wasifu wake mstari mmoja: alisoma huko, akarudi, TANU.

Nyerere alifika Edinburgh mwaka 1949. Alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia, masomo ya sayansi kabisa, halafu Oktoba mwaka huo akapokelewa Kitivo cha Sanaa. Miaka mitatu iliyofuata alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi siasa, anthropolojia ya jamii, historia ya uchumi, historia ya Uingereza, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Hesabuni wenyewe: masomo 7, na mengi yake hayakai benchi moja. Historia ya Uingereza alifundishwa na Richard Pares, ambaye Mwalimu alikuja kumtaja kama mtu aliyemfunulia mengi kuhusu kinachowasukuma Waingereza. Fikiria faida hiyo kwa mtu ambaye miaka michache baadaye atakaa mezani na Waingereza kudai nchi.

Alama zake hazikuwa za juu sana. Alifaulu yote, akahitimu Julai 1952. Mwenyewe alisema baadaye kwamba falsafa yake ya siasa aliijenga akiwa kule.

Hapa kuna jambo tunalolikosea sana mitaani. MA ya Nyerere haikuwa uzamili. Katika vyuo vikongwe vya Uskoti, kwa watu wa sanaa, MA ndiyo shahada ya kwanza, na ile ya kawaida, aliyoichukua yeye, ilikuwa imeundwa hivyo makusudi: uguse mengi. Hata leo shahada nyingi za Uskoti ni miaka minne, na miaka miwili ya mwanzo mwanafunzi wa uchumi anaweza kuchukua Kiajemi, wa fizikia akachukua falsafa. England kwa kawaida ni miaka mitatu na unaingia na somo lako moja mkononi. Watu wakisema "vyuo vya Uingereza" kama kitu kimoja, mimi huwa natikisa kichwa.

Chuo kile kina ndaki 3: sanaa na jamii, sayansi na uhandisi, tiba na mifugo. Humo ndani kuna ile chembe ya fizikia ya Peter Higgs, iliyoandikwa mwaka 1964 na kuonekana mwaka 2012. Kuna klorofomu, dawa ya usingizi, ya James Young Simpson, aliyeijaribu nyumbani kwake mwaka 1847 pamoja na wenzake hadi wakaanguka usingizini. Ukiisoma orodha ya kozi unaweza kuumwa kichwa. Kwangu mimi upana huo ungekuwa orodha tu, kama zile menyu za hoteli ambazo ukiagiza unaambiwa hicho hakipo, kama mlango wa George Square ungekuwa na mlinzi anayeuliza wewe wa kitivo gani.

Hilo ndilo jibu la mpwa wangu, nadhani. Hakuna aliyeniruhusu. Hakuna aliyeniuliza pia.

Aliyemfundisha Darwin

Charles Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, alipelekwa Edinburgh na baba yake mwaka 1825, akiwa na miaka 16, asomee udaktari. Umri wa mpwa wangu kasoro kidogo. Hakuweza. Aliingia chumba cha upasuaji mara mbili, mara moja anayepasuliwa ni mtoto, klorofomu bado miaka 20 mbele, akatoka mbio asirudi. Mihadhara aliiona inachosha.

Alichokipenda ni masomo ya kulipia kwa mtu aliyekuwa anaishi jirani, Lothian Street. Jina lake John Edmonstone. Alizaliwa mtumwa huko Guyana, akapata uhuru, akaja Uskoti, na kazi yake ilikuwa kuwatengeneza ndege waliokufa: kuwachuna, kuwakausha, kuwajaza hadi waonekane wanataka kuruka. Darwin alikuwa anakaa naye kwa saa nyingi wakizungumza. Ujuzi huo wa kuhifadhi ndege alikwenda nao baharini, na habari za ndege aliowakusanya huko tunawafundisha watoto wetu kidato cha nne.

Edmonstone hakuwa profesa. Mkataba wake wa kufundisha ulikuwa ni ada za wanafunzi, mmoja wao kijana aliyeshindwa udaktari. Nimesimama Lothian Street na baridi yake, magari yanapita, nikajiuliza baba yake Darwin angepata ujumbe wa sauti wa sekunde 14 angejibu nini.

Jengo lililovuliwa jina

Lakini ngoja, nisije nikaonekana balozi wa chuo.

Mihadhara ya falsafa niliyokuwa nadandia ilikuwa kwenye ghorofa refu la kijivu, George Square, lenye jina la David Hume, mwanafalsafa wa Kiskoti wa karne ya 18. Hume aliomba uprofesa pale, akakataliwa mwaka 1745 kwa sababu ya mashaka yake juu ya dini. Miaka ikapita, chuo kikajivunia, kikampa jengo. Mwaka 2020, mimi nimesharudi nyumbani, nikasoma kwamba jina limeondolewa. Sasa linaitwa tu 40 George Square. Sababu ni tanbihi aliyoiandika: kwamba anawashuku watu weusi kuwa kwa asili ni duni kuliko weupe.

Nilikaa kwenye jengo lile karibu mwaka mzima, daftari mapajani, nikiona nimefika.

Na kuna kibaya zaidi. Kwenye shule ya tiba, Teviot Place, kuna makumbusho ya anatomia. Mlangoni unapokelewa na mifupa ya tembo wawili. Nilipiga picha. Sikujua kwamba kwenye jengo hilo hilo kuna chumba cha mafuvu ya binadamu, yapata 1,500, kutoka pembe zote za dunia. Karne ya 19 Edinburgh ilikuwa makao ya watu walioamini kwamba ukipima kichwa cha mtu unajua akili yake, tabia yake na daraja la kabila lake. Vichwa vililetwa na madaktari, wanajeshi, wasafiri. Mwaka 2019 chuo kilirudisha mafuvu 9 ya Wavedda kwa wenyewe, Sri Lanka, na mwaka 2025 kikatoa ripoti ndefu kuhusu mchango wake chenyewe katika utumwa na ukoloni.

Upana ule niliokuwa nausifia, na sisi tulikuwa ndani yake. Kwenye rafu.

Hapo ndipo nilipokwama na makala hii kwa siku kadhaa. Nilitaka kumwambia kijana kwamba elimu pana inamfanya mtu mpana. Nani kasema? Waliokuwa wanapima vichwa walikuwa wamesoma Kilatini, falsafa, tiba na jiolojia. Walikuwa wamesoma vyote.

Dada akanijibu

Nilimpigia dada nikamwambia labda tumemkosea kidogo huyu mtoto, tumwache achague. Dada yangu hana maneno ya kuzunguka.

"Kaka, wewe ulizunguka kwa hela za wafadhili. Na ulizunguka ukiwa tayari una kazi."

Kweli. Ada yangu ililipwa na mtu mwingine. Kijana wa Kiskoti shahada yake ya kwanza analipiwa na serikali yake; mgeni analipa mara nyingi ya hiyo, na wengi hawafiki hata kujaza fomu. Nyerere naye alikwenda kwa ufadhili. Darwin alikuwa na baba daktari mwenye fedha. Ukiwa na mtu wa kukubeba, kujaribu masomo 7 ni kukua. Usipokuwa naye, ni kuchelewa. Dada anauza vitenge soko kuu tangu shemeji atutoke, na mtoto huyu ndiye wa kwanza. Anataka taaluma yenye ajira, na simlaumu.

"Halafu," akaongeza, "hivi ile siku ya kuhitimu si ulipigwa suruali kichwani? Ndio elimu pana hiyo?"

Ni kweli pia. Pale ukihitimu unapiga magoti kidogo mbele ya mkuu, anakugusa kichwani na kofia ya zamani ambayo inasemekana ilishonwa kwa kitambaa cha suruali ya John Knox, mhubiri wa karne ya 16. Nilimsimulia mama mwaka 2018 kwa simu, mama akauliza suruali ilifuliwa lini. Familia haijasahau.

Kalenga

Tahasusi kijana alishachagua mwenyewe. PCB. Sikumshawishi, na sikumzuia. Aliniambia kwa ujumbe mfupi wa maandishi safari hii, bila sauti.

Jumamosi iliyofuata nikampitia, tukapanda daladala ya Kalenga. Nilikuwa na deni naye na sikujua jinsi ya kulilipa kwa simu. Makumbusho ya Mkwawa ni madogo, mnayajua, wengi mlipelekwa na shule. Tukalipa, tukaingia, tukasimama mbele ya kioo chenye fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Hadithi yenyewe anaijua: Julai 1898, alijipiga risasi asishikwe, Wajerumani wakachukua kichwa, mkataba wa Versailles uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia ukakitaja kwenye kifungu cha 246, mwaka 1954 Gavana Twining akakirudisha.

Akainama karibu na kioo hadi kikaingia ukungu wa pumzi yake.

"Mjomba, walijuaje kwamba ni lenyewe?"

Nikamsimulia ninachokijua. Kwamba Twining alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen yaliyokuwa na mafuvu 2,000, na 84 kati yake yalitoka huku kwetu. Kwamba yalipimwa, yakatengwa yale ambayo vipimo vyake vinakaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Kwamba kati ya hayo moja ndilo lilikuwa na tundu la risasi.

Akakaa kimya. Nikaona anahesabu kitu.

"Kwa hiyo waliwapima vichwa ndugu zake."

"Ndiyo."

"Na kipimo kinaweza kufanana hata kwa watu wasio ndugu."

"Kinaweza."

"Na wangapi wengine walipigwa risasi ya kichwa vita ile?" Hakuningoja nijibu. "Siku hizi si wangepima DNA? Wazao wapo. Lakini mjomba, wakipima wakakuta si lenyewe, wanamwambia nani kwanza? Serikali, au ukoo?"

Nyuma yetu kundi la wanafunzi wa shule ya msingi lilikuwa limeingia, mwalimu wao anawahimiza wasiguse kioo. Kijana akatoa simu, akaanza kuandika swali lake. Nilimwona anatafuta neno, anafuta, anaandika tena. Chaji ilikuwa asilimia 31.